Mwili wa androidi anayefanana na binadamu: ndani kuna nini, na kinachofeli kwanza ni kipi?

kalamu_ya_usiku

Wakuu, habari za humu. Naandika hadithi ndefu ambayo mhusika wake mkuu, Nuru, ni androidi, yaani roboti mwenye umbo la mtu. Kwa nje ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, kimo sentimita 170, na watu anaoishi nao hawajui. Kila nikifika mahali ambapo mwili wake unaguswa, unaumia au unachoka, naishia kuandika "mfumo ukapata hitilafu" na kusonga mbele. Hilo halitoshi tena.

Nimeamua mambo haya hadi sasa: anapumua ili kupoza mashine, akikatwa anatoka kimiminika cha buluu, ana kilo 130 kwa sababu mifupa yake ni chuma, anakula ili asishtukiwe, ubongo uko kichwani, anachaji usiku. Lipi linasimama, lipi linaanguka? Sitaki teknolojia ya miujiza. Nataka mwili ambao fundi akisoma ataukubali.

rejeta_na_pampu

Anza na joto. Ukishajua joto la Nuru linazaliwa wapi na linatokea wapi, nusu ya maswali yako yamekwisha, likiwemo la damu.

Binadamu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku anatumia wastani wa wati 97 hivi. Mashine ya miguu miwili hula zaidi. Tesla walipoonyesha roboti wao Optimus mwaka 2022 walitaja wati 100 akiwa ametulia na 500 akitembea kwa haraka. Mpe Nuru viwango hivyohivyo. Kumbuka kwamba mtu akitembea mahali tambarare, karibu nguvu yote anayotumia huishia kuwa joto ndani ya mwili wake mwenyewe.

Sasa kupumua. Mtu aliyetulia huvuta hewa kama lita 8 kwa dakika. Lita moja ya hewa kavu ukiipasha kwa nyuzi 20 hubeba jouli 24 tu. Zidisha: unapata wati 3. Hata ukimpa mapafu yenye unyevu ili hewa itoke na mvuke, utafika kama wati 13. Apate wati 95 lazima avute lita 60 kwa dakika, yaani aheme kama mtu anayekimbia. Kwa hiyo pumzi ya kawaida ya Nuru ni ya sauti na ya kuonekana, siyo ya kupoza. Usiiondoe, ibadilishie kazi: Nuru akianza kuhema, msomaji ajue kwamba ngozi imeshindwa.

Maana rejeta yake halisi ni ngozi. Mtu mzima ana mita za mraba 1.8 hivi za ngozi, na kila mita ya mraba hupoteza wati 8 hadi 10 kwa kila nyuzi moja inayozidi joto la hewa. Ngozi ya nyuzi 35 ndani ya chumba cha nyuzi 25 inatoa kama wati 160. Hiyo ni bila nguo. Akivaa koti, hesabu inashuka. Akiwa ametulia anatosheka na hilo. Akipanda ngazi na mzigo hatosheki, na hapo unahitaji jasho. Lita moja ya maji ikivukizwa huchukua megajouli 2.4, hivyo wati 300 za ziada kwa saa nzima zinataka karibu nusu lita. Hili limeshafanyika: mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Tokyo kilionyesha roboti aitwaye Kengoro, kilo 56, mwenye mota 108, ambaye mifupa yake ya alumini ina vitundu vidogo vinavyopitisha maji ili yavukize na kupoza mota. Nuru basi ana sababu ya kweli ya kunywa maji. Ila yawe yaliyochujwa. Maji yenye chumvichumvi huacha ukoko mweupe kwenye vitundu, na baada ya muda sehemu hiyo haitoi jasho tena mpaka isafishwe kwa asidi ya limau. Na siku ya mvuke mwingi hewani jasho halivukizi, linatiririka tu na maji yamepotea bure.

Damu ndiyo inayounganisha vyote. Mota ya goti inayotoa wati 40 za joto haiwezi kujipoza kupitia ngozi ya goti peke yake. Eneo ni dogo mno. Lazima joto lisombwe na kusambazwa mwili mzima. Kusomba wati 300 kwa maji yanayopanda nyuzi 5 kunataka lita 0.86 kwa dakika. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma kama lita 5, kwa hiyo moyo wa Nuru unaweza kuwa pampu ya ukubwa wa ndimu. Angalia jambo moja: pampu ya kuzunguka haina mapigo. Hata baadhi ya wagonjwa waliowekewa pampu za moyo za mtiririko endelevu hawasikiki mapigo kwenye kifundo cha mkono. Nuru akishikwa mkono na nesi, pasipo kifaa cha kuigiza mapigo pale kifundoni na shingoni, siri imetoka.

Rangi: vimiminika vya kupozea hutiwa rangi ili fundi aone panapovuja na asichanganye aina. Buluu ina mantiki kiwandani. Lakini anayemficha androidi kati ya watu angetia nyekundu. Ukiibakiza buluu, toa sababu.

kigasha24

Naongeza upande wa misuli, kwa sababu hapo ndipo joto linapozaliwa.

Goti la mtu wa kilo 70 akinyanyuka kitini au kupanda ngazi hubeba nguvu ya kuzungusha ya kama nyutoni-mita 70. Wakati wa kutembea, goti hilohilo linapinda kwa kasi inayofikia nyuzi 360 kwa sekunde au zaidi. Ukitumia giaboksi ya 1:100, mota itatoa chini kidogo ya nyutoni-mita 1 na kuzunguka mara 6,000 kwa dakika. Inawezekana, na giaboksi nyembamba za kikombe kinachopindapinda zinaingia kwenye nafasi ya goti. Ubaya wake ni kwamba hazipendi kishindo. Nuru akiruka kutoka ukutani, nguvu inarudi nyuma kupitia gia, meno ya kile kikombe yanaruka hatua moja, na kuanzia hapo goti "halijui" liko pembe gani. Akirudia, kikombe kinapasuka. Njia nyingine ni mota pana, bapa, na gia ya 1:6 hadi 1:10. Inavumilia kishindo, na mguu unakuwa mlaini kama wa mtu, lakini inakula mkondo mkubwa na kuchemsha haraka. Mimi ningeweka pana kwenye nyonga, magoti na vifundo vya miguu, na zile za 1:100 kiunoni, shingoni na mabegani.

Mota iliyoshikilia mzigo bila kusogea bado inakula umeme na kutoa joto. Ndiyo maana roboti anayesimama na magoti yaliyopinda anachoka kuliko anayetembea polepole. Mpe Nuru kufuli za magoti, kama sisi tunavyosimama juu ya mifupa. Akisimama foleni saa nzima, kufuli ndizo zinazombeba.

Misuli ya bandia inavutia kwenye karatasi, lakini kila aina ina bei yake. Ile ya mpira unaojazwa hewa inafupika kama robo ya urefu wake, vizuri kabisa, ila inataka kompresa na vali, na vali zinapumua "tss" kila anapogeuka. Waya za nikeli na titani zinazofupika zikipashwa moto hazina sauti, ila hufupika asilimia 4 hivi na kurudi kwake kunasubiri zipoe. Plastiki zinazonywea kwa umeme zinataka maelfu ya volti, chini ya ngozi inayotoa jasho. Hapana. Tumia hizo za nikeli kwenye kope au pembe za mdomo kama unazitaka sana, miguu iachie mota.

Mikono ndiyo sehemu itakayomsumbua zaidi katika maisha ya kila siku. Mota haziingii ndani ya vidole, zinakaa kwenye kigasha na kuvuta kano, ishirini na ushee, kupitia kifundo cha mkono. Kano za chuma zinakatika nyuzi mojamoja zikipita kwenye roda ndogo. Kano za politheni kali hazikatiki hovyo, ila zinarefuka polepole zikikaa zimevutwa, na joto linaharakisha kurefuka huko. Kigasha kina joto. Matokeo yake, baada ya wiki kadhaa kidole kinachelewa, kikombe kinateleza, mwandiko unabadilika. Dawa ni kukaza upya: anafungua viganja, anavuta kila kidole hadi mwisho wake wa pande zote mbili, kompyuta inasoma pembe upya. Dakika kumi, mlango umefungwa.

Na sauti. Vidhibiti vya mota vinakata umeme mara nyingi kwa sekunde, na chini ya mara 20,000 binadamu husikia mlio mwembamba. Watengenezaji wangeweka 25,000. Mbwa lakini husikia hadi karibu 45,000. Mbwa wa nyumba hiyo atamjua Nuru kabla ya mtu yeyote.

mizani_ya_mwili

Kilo 130 ziondoe. Mtu wa kimo hicho ana ujazo wa lita 65 hivi. Kilo 130 ndani ya lita 65 ni uzito wa jiwe, na siyo kuzama tu: nguvu ya kutembea inapanda sambamba na uzito, mzigo wa goti vilevile, joto vilevile. Utahitaji mota kubwa, betri kubwa, ambazo zinaongeza uzito tena. Honda walipitia njia hiyo: roboti wao P2 wa 1996 alikuwa kilo 210 kwa sentimita 182, kisha ASIMO akaja mfupi na mwepesi zaidi, na toleo la 2011 lilikuwa kilo 48.

Mgawanyo unaoweza kufanya kazi: betri na kasha lake kilo 12, mota na gia 22, mifupa ya alumini na nyuzi za kaboni 9, ngozi 6 kasoro kidogo, sponji na jeli za kujaza umbo 6, vimiminika 3.5, kompyuta na waya 4, mikono na kichwa 5. Inakuja kama kilo 67. Chuma weka kwenye mihimili ya viungo na bolti tu.

Betri: seli nzuri za lithiamu zina kama wati-saa 250 kwa kilo, kwa hiyo kilo 10 za seli ni kilowati-saa 2.5. Usimruhusu kushuka chini ya asilimia 20 wala kupita 90 kila siku, seli zitadumu. Zinabaki 1.75. Kwa wastani wa wati 200, siku yake ni saa tisa kasoro. Siku ya kutembea sana ni saa nne au tano, basi, na hilo litakupa mvutano wa bure kwenye hadithi. Zikae tumboni na nyongani, karibu na kitovu cha uzito. Msumari ukipenya seli moja, inajipasha yenyewe na kuwasha jirani yake, na moshi wake una sumu. Weka kuta za kuzuia moto kati ya makundi ya seli. Asichajiwe akiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu itajipaka juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani, na betri haitarudi ilivyokuwa.

Ubongo uhamishie kifuani. Kompyuta yake itatoa joto kuliko wati 20 za ubongo wetu, na kifuani iko jirani na pampu na betri. Umbali wa nusu mita kutoka machoni hauchelewi chochote kinachoweza kupimwa kwa maisha ya mtu. Kihisio cha usawa kiwe nyongani, ambako mwili hauyumbi ovyo kama kichwa. Nuru akipigwa kichwani anapoteza macho na masikio, ila anabaki wima, na anaendelea kufikiri.

kalamu_ya_usiku

Hii imenifungua macho, asanteni sana. Nimefuta kilo 130 na ubongo wa kichwani. Bado ngozi: akichanika anajitengenezaje? Na chakula kinaenda wapi? Kisha nina tukio moja nitaliweka hapa mwishoni mniambie kama linawezekana.

silikoni_mbili

Ngozi ya silikoni ya milimita 3 kwa mwili mzima ni kilo 5.8, ndiyo ile "6 kasoro" ya mwenzangu. Ijengwe kwa tabaka: chini laini sana, katikati wavu mwembamba wa kitambaa kinachovutika ili mchaniko usikimbie, juu ngumu kidogo. Rangi iwe ndani ya tabaka, kila moja nusu-angavu. Ukipaka rangi juu tu, uso unakuwa wa sanamu ya dukani, na jasho litaibandua.

Silikoni haishikwi na gundi za kawaida, inashikwa na silikoni. Kuziba mchaniko: funga vali ya sehemu hiyo, kausha, futa kingo kwa spiriti ya isopropili na uache dakika tano, paka gundi ya silikoni kwa unene usiozidi milimita 1, bana kingo kwa utepe, subiri saa 24. Makosa ni mawili. La kwanza, gundi inayonuka siki: inatoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba ya waya na vihisio vilivyo chini. Chukua isiyo na harufu hiyo. La pili, glovu za mpira wa asili: salfa yake inazuia silikoni inayogandishwa kwa platinamu isigande, unabaki na ute unaonata milele. Vaa za nitrili.

Vihisio vya mguso vikipangwa kimoja kila sentimita ya mraba ni 18,000. Huwezi kuvuta waya 18,000 kupitia bega. Kila kipande cha ngozi kina chipu yake inayokusanya habari na kutuma kwa waya nne. Kwa hiyo Nuru hapotezi hisia ya nukta moja. Anapoteza kiraka kizima, kwa mfano paja lote la kushoto, na waya unaokatika mara nyingi ni ule unaopita nyuma ya kiwiko au goti.

Halafu viganja. Watu wengi watamgusa hapo tu. Kano na roda zimejaa, hakuna nafasi ya mirija, na vidole vinakuwa vya baridi. Pitisha mrija mmoja wa milimita 2 kuzunguka kiganja, hata kama upoaji hauuhitaji.

Kama ulifikiria ngozi hai: kikundi cha Tokyo kilifunika kidole cha roboti kwa ngozi iliyokuzwa kutoka seli za binadamu mwaka 2022, na mwaka 2024 kikaonyesha namna ya kuinasisha kwenye uso unaotabasamu. Shida ni kwamba bila damu yenye lishe inakauka. Ungelazimika kumpa Nuru mfumo wa pili wa mirija.

Na uso wake usiutie ukamilifu. Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alieleza mwaka 1970 kwamba kitu kikikaribia sana umbo la mtu bila kufika, kinatutia hofu, na kwamba mwendo unaongeza hofu hiyo. Kinachomfichua androidi ni macho yasiyoruka. Ya kwetu huruka kama mara tatu kwa sekunde tukiangalia yaliyo mbele yetu, na hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika.

tumbo_la_chuma

Chakula, kwa ufupi. Kukigeuza kuwa umeme sahau. Roboti za EcoBot za huko Bristol, Uingereza, zilifanya hivyo kwa bakteria, mmoja wao akila nzi waliokufa, lakini umeme uliopatikana ulikuwa kidogo mno. Nuru anahitaji mfuko wa lita 1 wenye vali juu na chini. Mfuko uwe mbali na mirija ya joto, kwa sababu chakula kwenye nyuzi 37 ni shamba la bakteria. Wengine huongezeka maradufu kila dakika 20. Ndani ya saa tatu au nne autoe, asuuze kwa maji ya moto, apitishe dawa ya klorini iliyozimuliwa, asuuze tena. Asipofanya hivyo, pumzi yake itanuka, na hiyo pumzi inapita mdomoni uleule. Vyakula vya mafuta ndivyo vibaya zaidi, vinaganda kwenye vali ya chini isifunge.

kalamu_ya_usiku

Tukio lenyewe: usiku, kilomita 2 kutoka nyumbani, bati linamkata paja la kushoto na kukata mrija. Nilitaka afike nyumbani kwa miguu, akichechemea, huku anavuja njia nzima. Inawezekana?

rejeta_na_pampu

Kuvuja njia nzima, hapana. Mfumo wake una lita 2 hivi, na akiba ya pampu tuseme 0.3. Mrija mkuu wa kurudisha ukikatika, ndani ya nusu dakika pampu inaanza kunyonya hewa. Kwa hiyo vali ya chini ya nyonga lazima ijifunge yenyewe presha inaposhuka. Doa kubwa moja pale alipokatwa, matone hatua chache, basi.

Baada ya hapo mguu uko peke yake. Mota ya goti ya nusu kilo, ikitoa wati 40, inapanda karibu nyuzi 0.18 kila sekunde. Kutoka 50 inafika 80 kwa dakika tatu kasoro, na 120 kwa dakika sita na nusu. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu moja kwa moja kuanzia 80, na hiyo hairudi hata goti likipoa. Kilomita 2 ni dakika 25. Kidhibiti kitapunguza mkondo kabla, yaani goti litalegea chini yake.

Ana njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kufuli ya goti na kutembea na mguu ulionyooka, akiuzungusha kwa nje kutoka nyongani. Nyonga iko juu ya vali, bado inapozwa. Atafika, ila ngazi zitamshinda. Ya pili ni maji. Goti likiachwa hewani, kushuka kutoka 80 hadi 60 kunachukua dakika sita na nusu. Likiwekwa kwenye maji yanayotiririka, chini ya dakika moja, kwa sababu kinachobaki kuzuia joto ni ule unene wa silikoni tu. Mweke mtaro au kijito katikati ya njia, akae humo goti likiwa chini ya maji, na kile kidonda cha paja akishikilie juu, kwa sababu maji yakiingia chini ya ngozi ataua vihisio vya mguu mzima.

Akifika nyumbani asijaze tu kimiminika na kuwasha. Hewa iliyoingia inapanda hadi sehemu ya juu kabisa, na akiwa wima hiyo ni kichwa, yaani kamera na masikio ndivyo vitakavyochemsha. Ajaze akiwa amelala chali, miguu juu ya kiti, tundu la kutolea upepo lililo kwenye kisigino likiwa wazi, pampu polepole, mpaka kitoke kimiminika kisicho na povu.